Jengo la Pande 22: Karakana ya Mabehewa ya Mount Clare

Karibu kila anayeingia humu hudhani jengo lilijengwa kwa ajili ya injini za moshi, na simlaumu. Ukipita mlango wa makumbusho ya reli ya Baltimore and Ohio, Mtaa wa Pratt, magharibi mwa jiji la Baltimore katika jimbo la Maryland, Marekani, unakutana na vichwa vya treni vimepangwa kwa duara, vyeusi tii, vingine vina shaba iliyosuguliwa hadi unajiona usoni. Watoto hukimbilia vichwa. Wazazi hupiga picha vichwa. Lakini mwaka 1884, jengo lilipokamilika, injini haikuwa mwenyeji wa hapa. Hii ilikuwa karakana ya mabehewa ya abiria. Kazi yake ilikuwa useremala, rangi, vioo na viti. Injini zilikuwa na mabanda yao wenyewe, ya masizi na kelele, katika eneo hilohilo la Mount Clare, na mengi kati ya hayo leo hayapo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi Maryland tuna mazoea yetu: mgeni akitoka nyumbani anapelekwa bandarini kula kaa, kisha Washington akapigwe picha mbele ya Ikulu. Wageni wangu nawapeleka Mount Clare. Wengine hunivumilia tu, nawaona wakichungulia saa. Ila nina sababu yangu. Mjomba wangu mmoja alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli Nairobi. Mtaani waliojulikana walikuwa madereva wa treni na mafundi wa injini. Yeye alikuwa mtu wa randa na msasa, na akitaniwa hujibu kwamba hajawahi kumwona abiria aliyeketi juu ya boila. Nimekua na upendeleo huo na sijaona haja ya kuuacha. Kwa hiyo nikiingia humu, injini nazipita, nainua uso kutazama paa.

Paa ndilo jengo. Kwa nje utaona kuta za matofali mekundu zenye pande 22, kwa hiyo kwa hesabu kali si duara, ni pembenyingi iliyojitahidi. Kipenyo chake kinakaribia futi 240, yaani zaidi ya mita 70. Juu ya kuta kuna paa la kwanza, la chini, linalozunguka kama mkufu. Ndani ya mzunguko huo unainuka ukuta mwingine wa madirisha matupu, kisha paa la pili, kisha kinara kidogo cha vioo kileleni. Kutoka sakafuni hadi juu kabisa ni futi 123, sawa na ghorofa kumi na kidogo. Mzigo wote huo umebebwa na nguzo nyembamba za chuma zilizosimama kwa duara, nyembamba kiasi kwamba mgeni wangu mmoja, mhandisi wa barabara kutoka Thika, alizunguka akizigonga kwa kidole, hakuamini.

Lakini nimetangulia. Karakana ilianza zaidi ya nusu karne kabla ya paa hilo.

Kampuni ya Baltimore and Ohio, kwa kifupi B&O, ilipata hati yake Februari 1827. Wafanyabiashara wa Baltimore walikuwa na hofu ya njaa ya biashara: New York walikuwa wameshafungua mfereji wa Erie mwaka 1825, na mizigo ya bara ikawa inateremkia kwao. Mfereji wa kuvuka milima kutoka Baltimore usingewezekana, basi wakaamua kujaribu kitu ambacho hakuna Mmarekani aliyekuwa amekijaribu kwa umbali huo, reli hadi mto Ohio. Tarehe 4 Julai 1828 jiwe la msingi liliwekwa na Charles Carroll wa Carrollton, mzee wa miaka 90, wa mwisho kuwa hai kati ya waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani. Jiwe lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho haya.

Eneo la karakana lilitoka katika ardhi ya kina Carroll wengine, ukoo mwingine wa jina hilohilo, waliokuwa na jumba lao la Mount Clare juu ya kilima kilicho karibu. Lilikuwa shamba la watumwa. Watu weusi walilima, wakapika, wakahudumia, na kina Carroll walikuwa pia na hisa katika viwanda vya kuyeyushia chuma ambavyo navyo vilitumia watumwa. Utumwa Maryland haukukomeshwa hadi tarehe 1 Novemba 1864, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 30 ya mwanzo reli hii ilipita ndani ya nchi ya watumwa, ikawabeba waliouzwa na waliotoroka pia. Mount Clare leo imo katika orodha ya kitaifa ya maeneo yaliyohusika na watu waliojikomboa kwa kutoroka. Kwa miaka mingi makumbusho yalikuwa yakisimulia vyuma tu. Sasa wanasimulia na haya, na naona wamefanya vyema.

Reli ilipoanza kubeba abiria Mei 1830, kutoka hapa hadi Ellicott's Mills, maili 13 hivi, mabehewa yalivutwa na farasi. Mwezi Agosti Peter Cooper akaja na kiinjini chake kidogo, Tom Thumb, kuwashawishi wakurugenzi kwamba mvuke unafaa kwenye kona kali za reli yao. Kisa cha kiinjini hicho kushindana na farasi na kushindwa kwa sababu mkanda uliruka ndicho kinachosimuliwa kwa kila mtoto wa shule hapa. Nakiacha, kimeshapata wasimulizi wa kutosha. Nitasema tu kwamba Tom Thumb wa kweli hakuhifadhiwa, na ule unaoonekana leo ni wa kuigiza, uliotengenezwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya miaka 100 ya kampuni mwaka 1927.

Anayenivutia zaidi ni Ross Winans. Huyu bwana alitoka New Jersey mwaka 1828 kuja kuwauzia wenye reli farasi. Farasi! Akabaki, akaanza kuchezea magurudumu na ekseli, na miaka michache baadaye alikuwa na kiwanda chake cha injini mlango wa pili na karakana ya kampuni. Mwaka 1834 alipata hataza ya behewa refu la magurudumu manane, manne mbele na manne nyuma, kila seti ikijigeuza yenyewe kwenye kona. Behewa la kabla ya hapo lilikuwa sanduku fupi la magurudumu manne, kama gari la farasi lililowekwa juu ya reli. Winans alidai ni yeye aliyebuni, kampuni nyingine zikakataa, kesi zikaenda miaka 20 hivi na mwishowe akashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Ambaye amewahi kupanda treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi, au kutoka Dar kwenda Kigoma, ameketi ndani ya behewa la umbo hilo. Umbo hilo ndilo lililokuja kuhitaji jengo letu la pande 22.

Ni vigumu sasa kuelewa jinsi karakana hizi zilivyokuwa zikifanya kila kitu. Mwaka 1830 hakukuwa na duka la kununua vipuri vya reli Marekani. Ulichohitaji ulikifua. Mount Clare ilitoa injini, mabehewa ya mizigo, mabehewa ya abiria, misumari, hata madaraja. Wendell Bollman, seremala aliyejifundisha uhandisi mwenyewe bila chuo, alipanda cheo ndani ya kampuni na kubuni daraja la chuma ambalo sehemu zake zilitengenezwa hapa, zikapelekwa kwa treni, zikafungwa huko ziendako. Moja la mtindo huo bado limesimama Savage, Maryland, mwendo wa nusu saa kwa gari ukielekea Washington. Pembeni mwa reli ya kampuni ya kwenda Washington ndiko Samuel Morse alikopitisha nyaya zake za simu ya maandishi mwaka 1844. Kwa kifupi, robo karne baada ya farasi wa Winans, Mount Clare ilikuwa mji wa mafundi, na mitaa iliyoizunguka ilijaa nyumba ndogo za matofali za Waairishi na Wajerumani waliofika kazini kwa miguu.

Kampuni ikapita katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ikajengwa upya, ikatajirika chini ya rais wake John W. Garrett, aliyeishika kuanzia 1858 hadi kifo chake Septemba 1884. Abiria waliongezeka. Reli ya Pennsylvania ilikuwa mshindani mkali, na safari hiyo watu hawakuchagua treni kwa mwendo tu, walichagua kwa mazulia, kwa mbao za mkangazi, kwa taa za shaba na dari zilizochorwa. Behewa la abiria la miaka ya 1880 lilikuwa sebule ya tajiri iliyowekewa magurudumu. Na lilikuwa la mbao, kuanzia sakafu hadi paa. Mbao hupasuka, hunyonya maji, rangi hubabuka, viungo hulegea kwa mtikisiko. Kila baada ya muda behewa lilipaswa kurudi karakana, livuliwe nguo zote na kuvishwa upya.

Kazi ya kuchora jengo akapewa Ephraim Francis Baldwin. Watu wa Maryland wanamjua kwa mambo mawili: stesheni za B&O na makanisa ya Kikatoliki. Kituo cha Point of Rocks, kile chenye paa kali na mnara kinachopendwa na wapiga picha, ni chake. Nadhani makanisa yanaonekana humu ndani. Sidai kwamba alitaka kujenga kanisa la treni. Namaanisha kwamba alijua jinsi ya kuleta mwanga kutoka juu ili uangukie sakafu nzima bila kivuli kikali. Mchoraji wa kanisa huutafuta mwanga huo kwa ajili ya altare. Fundi wa rangi huutafuta kwa sababu behewa lenye upande mmoja uliokolea na mwingine uliofifia litarudishwa kwake kesho. Taa za umeme mwaka 1884 zilikuwa bado kitu cha kushangilia, na taa za gesi zilitoa manjano na moshi. Jua lilikuwa taa bora iliyopatikana, na lilikuwa la bure.

Sasa kwa nini duara? Behewa refu halikati kona chumbani. Karakana ya mstatili inahitaji njia nyingi za reli zinazolala sambamba, na ili kuingiza behewa kwenye njia ya kumi unahitaji ama makutano marefu ya reli huko nje, yanayokula ardhi, ama jukwaa linalotambaa kwa ubavu. Duara linamaliza tatizo kwa njia nyingine. Katikati ya sakafu kuna meza ya kugeuzia, daraja fupi la reli lenye urefu wa futi 60, lililokaa juu ya mhimili na kuzunguka ndani ya shimo lisilo na kina. Behewa linaingizwa kwa mlango mmoja hadi juu ya meza, meza inazungushwa hadi ikabiliane na ghuba iliyo tupu, yaani nafasi ya behewa moja yenye reli yake kati ya meza na ukuta, behewa linasukumwa ndani ya ghuba. Basi. Ghuba ya saba ikiwa na behewa ambalo rangi yake haijakauka, la ghuba ya nane linatoka bila kuligusa. Kila behewa lina njia yake ya kutoka, na hakuna fundi anayemngoja mwenzake. Na kwa kuwa nguzo zimesimama kwa duara na si kama msitu katikati ya nafasi ya kazi, fundi aliweza kuzunguka behewa lake pande zote na ngazi yake.

Nimekaa sana na hoja hii kwa sababu mara nyingi jengo hili husifiwa kwa ukubwa, kwamba ni miongoni mwa majengo makubwa ya duara ya viwanda duniani. Ukubwa ni jambo dogo. Ni jengo lililochorwa kwa kufuata mkono wa fundi, na majengo ya kazi ya namna hiyo ni machache kuliko tunavyopenda kuamini. Karakana nyingi nilizoziona, huku na nyumbani, zimechorwa kufuata mashine, na binadamu ametafutiwa nafasi iliyobaki.

Isije ikaonekana kwamba kampuni ilikuwa na huruma. Miaka saba kabla, Julai 1877, B&O ilikata mishahara kwa asilimia 10 wakati wa mdororo wa uchumi, na wafanyakazi wa treni Martinsburg, West Virginia, wakasimamisha kazi. Mgomo ulisambaa nchi nzima. Baltimore kwenyewe, tarehe 20 Julai, wanamgambo wa jimbo walikuwa wakipelekwa kituo cha Camden, umati ukawazuia kwa mawe, wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 10 walikufa. Kilichofuata ni hekima ya mwajiri aliyeogopa. Mwaka 1880 kampuni ilianzisha chama cha misaada kwa wafanyakazi, cha kulipia ugonjwa, ajali na kifo, kwa makato ya mshahara ambayo mwajiriwa mpya hakuwa na hiari nayo. Mwaka 1884 ikaanza pensheni, mojawapo ya za mwanzo kabisa katika kampuni za Marekani. Mwaka 1885 ikafungua shule ya wanagenzi hapahapa Mount Clare. Kwa hiyo jengo zuri la mwanga lilizaliwa katika kipindi ambacho mabosi walikuwa wamegundua kwamba fundi ana uwezo wa kusimamisha treni.

Wale waliopata kuitwa mafundi hawakuwa watu wote. Katika reli za Marekani vyama vya ufundi viliwafungia mlango watu weusi kwa miongo mingi. Waliachiwa kusafisha, kubeba, kuwasha moto, na kuhudumu ndani ya mabehewa yaliyopakwa rangi na wengine. Mjomba wangu, ambaye katika reli ya kikoloni aliingia akiwa kijana na kukuta ngazi ya vyeo imepangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, asingehitaji kuelezwa mara mbili.

Julai 1922 watu wa karakana waligoma kwa jina lao wenyewe. Wafanyakazi wapatao 400,000 wa karakana za reli nchi nzima waliweka vifaa chini baada ya kupunguziwa mishahara, na serikali ikaenda mahakamani kuwafunga mikono. Kampuni nyingi ziliwavunja kabisa. B&O, chini ya Daniel Willard, ilikuwa kati ya zilizokubali kupatana Septemba ileile, na baadaye ikajaribu utaratibu wa kukaa na vyama vya mafundi mezani kujadili jinsi kazi inavyofanywa. Wapo walioona ni ujanja wa kuzima vyama kwa tabasamu. Huenda. Mimi naona kwamba mwenye reli aliyekubali kumsikiliza fundi wa karakana kuhusu kazi ya karakana alikuwa mtu adimu, na angekuwa adimu leo pia.

Wakati huo jengo lilikuwa limeanza kupitwa na wakati. Chuma kilichukua nafasi ya mbao katika mabehewa kuanzia mwanzoni mwa karne, na mabehewa yakarefuka hadi karibu futi 80. Meza ni ya futi 60. Hesabu haihitaji mwalimu. Duara lilikuwa zuri ilimradi behewa linaenea mezani. Baada ya hapo uzuri wake wenyewe ukawa kizuizi, kwa sababu duara hulipanui. Mstatili ungebomolewa ukuta mmoja ukaendelea. Kuta 22 zinazotegemeana huwezi kuzigusa.

Kazi ndogondogo ziliendelea hadi mwaka 1953, ambapo kampuni ililigeuza kuwa makumbusho na kuingiza injini zake za kale. Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Julai, miaka 125 kamili tangu jiwe la Carroll. Ndipo injini zilipohamia nyumba ya mabehewa, na hadithi ya jengo ikaanza kusimuliwa vibaya.

Hapa sina budi kutazama nyumbani kidogo. B&O iliacha kabisa injini za moshi mwaka 1958; dizeli zilikuwa zimeshinda. Miaka hiyohiyo, 1955 na 1956, reli ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, injini 34 za Garratt za daraja la 59, kila moja ina tani zaidi ya 250, zenye nguvu kuliko injini yoyote ya moshi iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima yetu. Mount Gelai, nambari 5918, imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Yaani Baltimore walipokuwa wakiuweka mvuke kwenye makumbusho, Nairobi ilikuwa ikiajiri vijana wa kujifunza kuuhudumia. Mjomba alikuwa mmoja wa vijana hao, ingawa kama kawaida yake aliomba kwenda kwenye mabehewa.

Baada ya 1963, reli ya Chesapeake and Ohio iliposhika usukani wa B&O, Mount Clare ilianza kukatwakatwa. Kazi zikahamishwa, mabanda ya injini, ya kufulia vyuma na ya mashine yakabomolewa, na sehemu ya ardhi ikajengwa kituo cha maduka chenye uwanja mkubwa wa magari. Ukisimama hapo na mfuko wako wa mboga, huna ishara kwamba chini ya lami kulikuwa na mahali palipotoka injini kama J.C. Davis ya mwaka 1875. Jengo la pande 22 liliponea kwa kuwa lilikuwa na kazi mpya, na kwa kuwa lilikuwa zuri. Mabanda mabaya ya kazi ngumu hayana wakili.

Halafu ikaja Februari 2003. Usiku wa kuamkia tarehe 17, Baltimore ilikuwa chini ya dhoruba iliyomwaga inchi 28 za theluji, rekodi ya wakati huo kwa jiji hili. Ambaye hajaishi na theluji huidhani pamba. Ikilala juu ya paa ni mzigo wa maji, na paa la chini la jengo lenye mapaa mawili hubeba theluji yake na ile inayoteleza kutoka juu. Vyuma vya Baldwin vilikuwa vimebeba kwa miaka 119. Usiku huo vilishindwa. Karibu nusu ya paa la chini iliporomoka, ghuba baada ya ghuba, juu ya mkusanyiko wa injini na mabehewa ambao wengi huuhesabu kuwa wa thamani kuliko mwingine wowote wa reli Marekani. Paa la juu, lile refu na ukuta wake wa madirisha, lilibaki limesimama juu ya nguzo zake nyembamba. Hakukuwa na mtu ndani.

Picha za asubuhi ile zipo, na zinauma. Mihimili imelala juu ya mabehewa ya mbao yaliyosagika. Injini ya Thatcher Perkins ya mwaka 1863, kongwe ya vita, imefunikwa na vigae na theluji. Wakati ule makumbusho yalikuwa yakijiandaa kwa sherehe kubwa ya miaka 175 ya reli kiangazi kilichokuwa mbele. Sherehe ikafutika.

Ila kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya nilipende jengo hili kuliko nilivyolipenda kabla. Paa lilijengwa upya likafanana na la kale, lenye nguvu zaidi, na milango ikafunguliwa Novemba 2004. Lakini vyombo vilivyovunjika havikuwa na mahali pa kupelekwa. Nani leo anajua kuunganisha mbao za behewa la karne ya kumi na tisa? Nani ana mashine ya kunyoosha fremu ya injini ya 1863? Makumbusho yakalazimika kuwa na karakana, na mwaka 2005 ikafunguliwa karakana halisi ya ukarabati ndani ya eneo la Mount Clare. Seremala wakarudi. Wapaka rangi wakarudi, wale wa kuandika herufi za dhahabu kwa mkono. Thatcher Perkins ilitengenezwa ikarudi sakafuni, na ukiitazama bila kuambiwa huwezi kujua wapi paa liliigonga. Kwa kadiri ninavyoona, theluji ndiyo iliyoirudishia Mount Clare kazi yake, baada ya miaka mingi ya kuonyesha vitu tu.

Na bado kuna jengo jingine ambalo watu hulipita. Linaitwa South Car Works, ni jumba refu la matofali lililojengwa mwaka 1870 hivi, miaka 14 kabla ya duara la Baldwin, nalo pia la mabehewa. Halina kuba wala kinara. Limetumika kwa ukarabati na kuhifadhi, madirisha yake yakiwa na vumbi la vizazi. Makumbusho sasa yametangaza mpango wa kulikarabati liwe ukumbi wa maonyesho na mafunzo, kwa ajili ya miaka 200 ya kampuni mwaka 2027, na CSX, kampuni iliyorithi B&O, imeahidi fedha.

Nafurahi, na nina wasiwasi wangu. Nimeshaona karakana zikigeuzwa kumbi: sakafu inang'arishwa, mafuta yanafutwa, panawekwa skrini za kugusa, na mahali palipokuwa na meza ya fundi panawekwa kiti cha kupumzikia mgeni. Ningependa waache ghuba moja ikiwa chafu. Waweke behewa bovu kwelikweli, la mbao zilizooza, na mafundi wawili wanaolipwa mshahara wa mafundi, wawe wakilitengeneza siku nzima na wageni wakiruhusiwa kuuliza maswali. Haitakwisha mapema, behewa moja la namna hiyo hula miaka. Watu watakuja tena kuona limefika wapi, na ningekuwa wa kwanza kununua tikiti ya mwaka.

Ukienda, nenda asubuhi ya siku yenye jua. Injini zitakuwepo tu. Simama pembeni ya meza ya kugeuzia, tafuta ghuba lilikosimama behewa la mbao, kisha tazama mwanga unavyolipaka kuanzia juu hadi chini ya madirisha yake, pande zote mbili, bila upande mmoja kuonewa.